Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kazi ya mtaalamu wa mbinu za takwimu katika majaribio ya dawa

Majibu haya yameandikwa kwa wanatakwimu, wanafunzi wa shahada za juu na watafiti wa afya wanaoitazama kazi hii kutoka nje. Yanawafaa pia madaktari wanaofanya kazi na mtaalamu wa mbinu na kushangaa kwa nini anauliza maswali mengi hivyo kabla ya kukokotoa chochote. Mifano mingi imejengwa juu ya jaribio moja la kubuni la kisukari, ili namba ziweze kufuatwa kutoka jibu hadi jibu.

Mtaalamu wa mbinu ana tofauti gani na mwanatakwimu wa jaribio?

Mwanatakwimu wa jaribio hubeba jaribio moja au mawili tangu itifaki hadi ripoti ya mwisho. Yeye ndiye anayeandika mpango wa uchambuzi, anasimamia waandika programu na kukaa na madaktari kila wiki. Mtaalamu wa mbinu hana jaribio lake mwenyewe. Anaitwa pale njia iliyozoeleka inapokwama: ugonjwa adimu ambao wagonjwa wake hawafiki hata mia, jaribio linalotaka kuacha dozi mbili njiani, kipimo ambacho hakijawahi kutumika kama kipimo kikuu, au barua ya mamlaka ya dawa yenye swali ambalo timu haijui jinsi ya kulijibu.

Nje ya maombi hayo, anapitia itifaki za wenzake kabla hazijatiwa saini, anaandika miongozo ya ndani, anafundisha, anatengeneza vifurushi vya programu, na anatoa maoni mamlaka zinapochapisha rasimu za miongozo. Kampuni kubwa za dawa huwa na kikundi kidogo cha watu wa aina hii. Kampuni ndogo hukodi mshauri, mara nyingi wakati mambo yameshaharibika.

Kwa hiyo kazi yake ni kuleta njia mpya?

Mara chache. Njia mpya ina gharama: mamlaka itataka ushahidi wa simulesheni (majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta), kodi ya programu iliyothibitishwa haipo, na daktari atashindwa kuwaeleza wenzake. Sehemu kubwa ya kazi ni kumshawishi mtu aliyekuja na wazo la kuvutia kwamba kitu cha zamani, kikipangwa vizuri, kinampa zaidi.

Mfano ulio wazi ni kurekebisha matokeo kwa kipimo cha mwanzo. Ikiwa uhusiano kati ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu) ya siku ya kwanza na ile ya mwisho ni 0.6, kuiingiza HbA1c ya mwanzo kwenye modeli kunapunguza tofauti isiyoelezeka kwa 36% (0.6 × 0.6). Jaribio lililohitaji watu 400 sasa linahitaji 256 kwa nguvu ileile, yaani uwezekano uleule wa kuiona tofauti iliyopo. Fedha yote hiyo inaokolewa na mstari mmoja kwenye modeli. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa mwongozo wa jambo hili Mei 2023, na bado itifaki zinaletwa zikiwa na jaribio la t la kawaida, lisilogusa kipimo cha mwanzo.

Ombi likifika, unaanzia wapi?

Ombi karibu kila mara huja na jibu lake tayari: "tunataka jaribio linalobadilika njiani", "tutumie Bayes", "tupunguzieni sampuli". Kazi ya kwanza ni kurudi nyuma hadi kwenye swali. Ni uamuzi gani utafanywa na matokeo haya, na nani ataufanya? Kipimo kikuu kinapatikana baada ya muda gani? Wagonjwa wangapi wataandikishwa kwa wiki? Ni mambo gani yatamfanya mgonjwa aache dawa au apewe nyingine?

Maswali mawili ya katikati pekee huua mipango mingi. Chukua jaribio la watu 600 linaloandikisha 20 kwa wiki, na kipimo kikuu kinachukuliwa wiki ya 26. Timu inataka kuwaangalia 100 wa kwanza, kisha iache dozi iliyoshindwa. Mtu wa 100 anaandikishwa wiki ya 5, na kipimo chake kinapatikana wiki ya 31. Uandikishaji wa wote 600 ulikwisha wiki ya 30. Hakuna kilichobaki cha kubadilisha. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu ndani ya dakika mbili, na inafaa ifanyike kwenye mazungumzo ya kwanza, kabla mtu hajatumia mwezi mzima kuandika simulesheni.

Estimandi ni nini, na kwa nini kila mtu analiuliza?

Ni maelezo kamili ya kile kinachotafutwa, kabla ya kutaja njia ya kukitafuta. Dhana hii iliingizwa rasmi na E9(R1), nyongeza ya mwaka 2019 kwa mwongozo wa E9 wa mwaka 1998 wa ICH, baraza la kimataifa la kuoanisha kanuni za dawa. Ina sehemu tano: tiba zinazolinganishwa, wagonjwa wanaohusika, kipimo kwa kila mgonjwa, namna ya kuyashughulikia matukio yanayotokea baada ya tiba kuanza, na namba moja ya kulinganisha makundi. Nne kati ya hizo huandikwa bila ugomvi. Ugomvi uko kwenye matukio ya katikati.

Tuseme jaribio letu la kisukari aina ya pili ni la wiki 26, dawa dhidi ya plasebo (kidonge kisicho na dawa), na kipimo ni badiliko la HbA1c. Mgonjwa ambaye sukari yake inabaki juu lazima apewe dawa ya kuokoa, maana maadili hayaruhusu aachwe. Watakaoipata wengi watakuwa kundi la plasebo. Sasa HbA1c ya wiki ya 26 ya mgonjwa huyo inatuambia nini?

Ukiichukua kama ilivyo, unajibu swali la daktari wa kliniki: nikimwanzishia mgonjwa dawa hii, na yote yatakayofuata yakafuata, atapata nafuu kiasi gani kuliko asingeanzishiwa? Huo ni mkakati wa sera ya tiba. Tofauti itapungua kwa sababu plasebo imesaidiwa, na hilo si kosa. Ukiuliza ingekuwaje kama dawa ya kuokoa isingekuwepo, huo ni mkakati wa kidhahania, na sehemu ya jibu itatoka kwenye modeli badala ya mgonjwa. Ukimhesabu kila aliyehitaji kuokolewa kuwa ameshindwa, umeliingiza tukio ndani ya kipimo chenyewe. Ipo pia mikakati ya kupima mgonjwa akiwa bado kwenye dawa tu, na ya kuwatazama wale tu ambao wangeivumilia dawa kokote wangepangwa. Huu wa mwisho unapendeza kwenye karatasi na unatesa kwenye uchambuzi, kwa kuwa watu hao hawaonekani kwa macho.

Msimamo wa kiutendaji: mkakati wa kidhahania kwa dawa ya kuokoa unaweza kutetewa. Kwa mgonjwa aliyeacha kwa sababu ya madhara ya dawa yenyewe, ni vigumu mno. Huwezi kuuliza "angepona kiasi gani kama dawa isingemdhuru" wakati dawa hiyohiyo ndiyo inayoombewa kibali.

Kinachoharibika zaidi hapa si takwimu bali fomu. Fomu ya kielektroniki inapokuwa na kisanduku kimoja tu, "ameacha", muuguzi wa kituo hukijaza kwa mgonjwa aliyeacha vidonge na kwa aliyejitoa kwenye jaribio, wote sawa. Vipimo vinasitishwa kwa wote wawili. Miezi 18 baadaye unagundua mkakati wa sera ya tiba hauna data za kuutegemeza. Visanduku lazima viwe viwili, na itifaki iseme waziwazi kwamba aliyeacha dawa anaendelea kuja kliniki. Mtaalamu wa mbinu anayesoma itifaki na asiisome fomu amefanya nusu ya kazi.

Ukubwa wa sampuli unakokotolewaje?

Fomula yenyewe ndogo: idadi kwa kila kundi ni 2 × (1.96 + 1.28)² × mkengeuko sanifu mraba ÷ tofauti mraba. Hapo 1.96 ni ya kosa la aina ya kwanza (kuitangaza dawa isiyofanya kazi) la 5% kwa pande mbili, na 1.28 ni ya nguvu ya 90%. Kwa tofauti ya 0.3 ya HbA1c na mkengeuko wa 1.0, unapata 234 kwa kila kundi.

Tatizo ni namba zinazoingia. Mkengeuko ukiwa 1.2 badala ya 1.0, idadi inapanda hadi takriban 336. Ukibaki na 234, nguvu inashuka hadi karibu 77%. Na ile 1.0 ilitoka wapi? Mara nyingi kwenye jaribio dogo la awamu ya pili. Mkengeuko wa 1.0 uliopimwa kwa watu 40 una mwanya wa uhakika wa 95% unaoanzia takriban 0.82 hadi 1.28, kwa hiyo 1.2 iko ndani kabisa. Dawa yake ni rahisi: nusu ya washiriki wakishapimwa, mkengeuko unakadiriwa upya bila kufichua nani yuko kundi gani, na sampuli inaongezwa ikibidi. Kwa jaribio la ukubwa huu, kosa la aina ya kwanza haliguswi kwa kiasi cha kuonekana.

Kosa dogo linalojirudia: kuongeza watakaopotea kwa kuzidisha. Ukitarajia 15% wapotee, 234 × 1.15 ni 270, na 85% ya 270 ni 229 tu. Njia sahihi ni kugawanya: 234 ÷ 0.85, yaani 276 kwa kundi, 552 kwa jumla.

Kosa kubwa ni kuchagua tofauti kwa kurudi kinyumenyume. Bajeti inatosha watu 300, kwa hiyo "tunatarajia tofauti ya 0.4". Hapo mtaalamu anapaswa kukataa kwa maandishi, kwa upole, na kuonyesha nguvu ya jaribio hilo kwa tofauti za 0.2, 0.3 na 0.4 kwenye jedwali moja. Jedwali hilo humaliza ubishi haraka kuliko hoja.

Daktari anataka kuhesabu "waliofaulu" na "walioshindwa". Kuna ubaya gani?

Anataka kusema asilimia ngapi walishuka chini ya HbA1c ya 7%. Kama maelezo ya ziada, sawa. Kama kipimo kikuu, ni kutupa data. Hata ukikata katikati kabisa, pale ambapo hasara ni ndogo kuliko kokote, kwa data zenye mgawanyo wa kawaida unabaki na takriban 64% ya taarifa. Watu 234 kwa kundi wanakuwa takriban 367 ili kurudisha nguvu ileile. Ukikata pembeni hasara inaongezeka. Na mgonjwa wa 6.9 na yule wa 7.1, ambao hata mashine ya maabara haiwezi kuwatofautisha kwa uhakika, wamewekwa pande mbili za ukuta.

Simulesheni zinafanywaje hadi mamlaka izikubali?

Hii ndiyo kazi inayokula muda kuliko zote, na ndiyo inayofanywa ovyo kuliko zote.

Anza na orodha ya hali halisi kabla ya kuandika mstari wowote wa kodi. Hali moja ambayo dawa haifanyi kazi haitoshi. "Haifanyi kazi" ina sura nyingi: plasebo yenye matokeo mabaya, plasebo yenye matokeo mazuri kuliko ilivyodhaniwa, mkengeuko mkubwa, uandikishaji wa kasi, wagonjwa wa mwisho kutofanana na wa mwanzo. Jaribio linalodhibiti kosa vizuri kwenye sura moja linaweza kuliacha lizidi kiwango kwenye nyingine, hasa likiwa limekopa data za majaribio ya nyuma.

Kisha idadi ya marudio. Kwa kosa la upande mmoja la 0.025, marudio 10,000 yana kosa sanifu la takriban 0.0016. Mwanya wake ni kama 0.003 juu na chini, kwa hiyo huwezi kutofautisha 0.025 na 0.028. Marudio 100,000 yanalishusha hadi 0.0005. Kwa nguvu ya jaribio inatosha 10,000. Atakayekuletea nguvu ya 80% iliyotokana na marudio 1,000 amekuletea namba yenye wasiwasi wa asilimia mbili na nusu kila upande.

Mambo yanayokwama: mbegu ya namba nasibu haikuhifadhiwa, au imewekwa ileile kwa kila kiini cha kompyuta kinachofanya kazi sambamba, kiasi kwamba marudio 100,000 kwa kweli ni 10,000 yaliyonakiliwa mara kumi. Matokeo ya kila kiini yanafanana kabisa, na ndiyo dalili yake. Jingine ni modeli inayoshindwa kufikia jibu kwenye baadhi ya marudio, na kodi inayatupa kimyakimya. Hesabu waliotupwa na uwaripoti, kwa sababu mara nyingi ndiyo yale marudio yenye data mbaya unayotaka kuyajua.

Ripoti iwe na ukurasa mmoja wa mbele wenye jedwali moja: hali, nguvu au kosa, wastani wa sampuli, na upendeleo wa makadirio. Kurasa 80 za grafu zikae nyuma. Anayesoma kwenye mamlaka ana majalada mengine mezani.

Uchambuzi wa katikati: kwa nini tusiangalie tu tukiona tunahitaji?

Kwa sababu kila kuangalia kuna bei. Ukichungulia mara tano kwa kiwango cha 0.05 kila mara, uwezekano wa kuitangaza dawa isiyofanya kazi unafika karibu 14%.

Mipaka inayotumika zaidi ni ya O'Brien na Fleming ya mwaka 1979, kwa kawaida kupitia utaratibu wa Lan na DeMets wa mwaka 1983 unaoruhusu tarehe za kuangalia kusogea. Tuchukue jaribio la saratani linalotaka kuonyesha uwiano wa hatari wa 0.7 (hatari ya kufa kwa wanaopata dawa ikigawanywa kwa ile ya kundi la kulinganisha) kwa nguvu ya 90%. Linahitaji karibu vifo 331. Sampuli hapa ni matukio, si wagonjwa, na hili huwachanganya wengi. Ukiangalia katikati, kwenye vifo 166, thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu, dawa ikiwa haifanyi kazi) inapaswa iwe chini ya 0.003, yaani uwiano ulioonekana uwe karibu 0.63 au chini yake. Mwishoni mpaka ni takriban 0.049, na uwiano wa 0.80 unatosha kuvuka. Mweleze daktari namba hizo mbili, 0.63 na 0.80, badala ya thamani za p. Ataelewa papo hapo, na huenda akauliza swali zuri: je, 0.80 inamfaa mgonjwa?

Mipaka ya Pocock ya mwaka 1977 inagawa sawa, 0.0294 kila mara kwa kuangalia mara mbili. Inapendwa kidogo, kwa sababu hakuna anayetaka kumaliza jaribio na p ya 0.04 halafu aambiwe ameshindwa.

Matokeo ya katikati huonwa na kamati huru ya data na usalama, na mwanatakwimu anayeyatayarisha hatakiwi kuwa wa kampuni inayoendesha jaribio. Mtaalamu wa mbinu aliyebuni mipaka habaki na ufunguo wa chumba hicho.

Vipimo vingi je?

Vipimo vitano vinavyojitegemea, kila kimoja kwa 0.05, vinatoa uwezekano wa 22.6% wa angalau kimoja kudanganya. Panga mfuatano wa vipimo, au ligawe kosa kwa njia ya Holm, ya Hochberg au za grafu. Chora duara na mishale ukutani pamoja na timu, kisha waulize: kipimo cha pili kikishindwa, mnakubali cha tatu kisitajwe kwenye lebo? Ukimya unaofuata ndio kikao chenyewe.

Dawa mpya inatakiwa tu isiwe duni kuliko ya zamani. Ukomo, yaani uduni mkubwa kabisa unaovumilika, unawekwaje?

Kutoka kwenye majaribio ya zamani, si kutoka kichwani. Ikiwa dawa ya zamani iliishinda plasebo kwa pointi 20, na mpaka wa chini wa mwanya wa uhakika ni 12, basi 12 ndiyo yote unayoweza kudai kwamba dawa hiyo inaleta. Ukitaka kulinda nusu yake, ukomo ni 6. Kwa kiwango cha kupona cha 85% pande zote na nguvu ya 90%, ukomo wa 6 unahitaji watu 745 kwa kundi, na ukomo wa 10 unahitaji 268. Ndiyo maana utasikia shinikizo la kuupanua.

Hatari ya pekee: jaribio lililoendeshwa vibaya huzifanya dawa zifanane. Wagonjwa wasiomeza vidonge katika makundi yote mawili watakupa ushindi usiostahili.

Data zikikosekana?

Kubeba kipimo cha mwisho hadi wiki ya 26 kumeshapitwa na wakati. Modeli ya vipimo vya kurudia ndiyo ya kawaida, ikiwa na dhana kwamba waliopotea wanafanana na waliobaki wenye historia kama yao. Dhana hiyo haithibitishiki, kwa hiyo inajaribiwa: thamani zilizojazwa za kundi la dawa zinaharibiwa kidogokidogo, tuseme 0.1 ya HbA1c kila hatua, hadi matokeo yageuke. Yakigeuka kwenye 0.2, timu ina tatizo. Yakigeuka kwenye 1.5, ambayo hakuna daktari anayeiamini, hoja imefungwa. Kujaza thamani zilizokosekana mara 5 kulikofundishwa zamani hakutoshi, anzia 50.

Mpango wa uchambuzi utaje pia nini kifanyike modeli ikigoma kufikia jibu: muundo gani wa kovariansi (namna vipimo vya mgonjwa mmoja vinavyohusiana) ufuate, kwa mpangilio gani. Ukiacha wazi, uchaguzi utafanyika siku ya kufungua data, na hakuna atakayeamini kwamba ulifanyika bila kutazama matokeo.

Bayes, yaani kuchanganya taarifa za awali na data mpya, inakubalika?

Awamu ya kwanza ya saratani, ndiyo, kwa miaka mingi. Njia ya 3+3, ya kupandisha dozi kwa wagonjwa watatu watatu, bado ipo kwa sababu inaingia kwenye kadi ya mfukoni, si kwa sababu inapata dozi sahihi. BOIN, njia mpya zaidi ya kutafuta dozi, inaingia kwenye kadi hiyohiyo na inafanya vizuri zaidi. Awamu ya pili, kukopa wagonjwa wa plasebo wa majaribio ya nyuma kunaokoa watu wengi, mradi taarifa ya awali iwe na sehemu dhaifu inayoiruhusu ijiuzulu data mpya zikiipinga. Awamu ya tatu, jiandae kueleza kosa la aina ya kwanza litakuwa kiasi gani kwenye kila hali. Ukikopa, halibaki 0.025 kila mahali, na kuahidi kwamba litabaki ni kujichongea.

Kuna kazi hii Afrika Mashariki?

Ipo, ingawa jina la cheo ni nadra. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya nchini Kenya. Liliandikisha watoto 15,459. Ndani yake mlikuwa na somo la mbinu ambalo bado linafaa: mtoto mmoja anaugua malaria mara nyingi. Ukihesabu ugonjwa wa kwanza tu, unajibu swali moja; ukihesabu vipindi vyote, unajibu lingine, ambalo wizara ya afya inalihitaji zaidi. Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17, kinga dhidi ya vipindi vyote hadi mwisho wa ufuatiliaji ilikuwa 36.3% kwa waliopata dozi ya nne, na 28.3% kwa wasioipata. WHO ilipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021.

Taasisi ya Afya Ifakara, KEMRI na washirika wake wa Kilifi, na vituo vya Entebbe na Kampala huajiri wanatakwimu wa majaribio. Itifaki zinapitiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nchini Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya, pamoja na kamati za maadili. Tofauti na Ulaya au Marekani, hapa mtaalamu mmoja hufanya kazi ya watatu: anabuni, anachambua, na anakagua data. Unajifunza haraka, lakini muda wa utafiti wa mbinu lazima uupiganie.

Nisome nini, na nijue programu gani?

Shahada ya uzamili katika takwimu au biostatistiki ndiyo mlango. Kwa cheo hiki uzamivu huulizwa mara nyingi, ingawa miaka kumi ya majaribio halisi yenye machapisho inaweza kuchukua nafasi yake. Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, na shule ya usafi na tiba za kitropiki ya London wamefundisha watu wengi kutoka ukanda huu.

R ni lazima: rpact na gsDesign kwa majaribio yenye uchambuzi wa katikati, mmrm kwa vipimo vya kurudia. SAS bado inatawala upande wa kuwasilisha kwa mamlaka, kwa hiyo uweze angalau kuisoma. Kujua muundo wa data wa CDISC kutakuokoa na aibu.

Linalokosekana zaidi kwa waombaji si hesabu, ni uandishi. Barua ya kurasa mbili inayoeleza kwa nini jaribio libadilishwe, inayosomeka na daktari wa moyo na mkurugenzi wa fedha pia, ni ngumu kuliko kuandika kodi.

Kwenye usaili wanauliza nini?

Hupewa tatizo lisilokamilika: "ugonjwa adimu, wagonjwa 60, miaka miwili, buni jaribio". Anayeanza kutaja njia ndani ya dakika ya kwanza kwa kawaida hapiti. Wanataka kusikia maswali. Swali jingine la kawaida: jaribio limeisha, p ni 0.06, timu inataka kukipandisha kipimo cha pili kiwe kikuu kwa sababu p yake ni 0.01, utasema nini, na utamwambia nani kwanza?

Nijizoeze vipi kabla sijaajiriwa?

Tafuta itifaki na mipango ya uchambuzi ya majaribio halisi. Mingi iko wazi kwenye ClinicalTrials.gov, maana kanuni ya Marekani iliyoanza Januari 2017 inalazimisha ipandishwe pamoja na matokeo, na majarida makubwa huiambatisha kwenye makala. Chagua moja, ficha sehemu ya ukubwa wa sampuli, soma malengo tu, kisha kokotoa mwenyewe kwa rpact. Linganisha. Namba zikitofautiana, angalia kwanza kama wametumia upande mmoja au pande mbili, halafu kiwango cha wanaopotea, halafu kama makundi yamegawanywa nusu kwa nusu. Tofauti nyingi huishia hapo. Isipoishia hapo, soma tarehe za marekebisho ya itifaki: huenda sampuli iliongezwa njiani, na sababu imeandikwa mistari miwili tu kwenye kiambatisho.